Pingili Kumi na Nne

Mume wangu ni mpole kwa kila mtu anayemwona kwa macho. Jirani akimwaga maji machafu mlangoni kwetu, yeye ndiye anayeomba radhi. Lakini mpe kompyuta na mtu asiyemjua upande wa pili, utadhani kalishwa pilipili.

Ugomvi wake wote ni wa baiskeli za kulala. Kama hujawahi kuiona hata moja usijilaumu, hata mimi niliolewa na mwenye nayo bila kujua ni nini. Mpandaji wake haketi juu. Anaegemea nyuma kwenye kiti cha wavu, miguu imetangulia, na pedali ziko kwenye ncha ya bomba linalochomoza mbele ya gurudumu. Akipita barabarani anaonekana kama mtu aliyesukumwa nje na kitanda chake. Wenyewe hawaoni cha kuchekesha. Wana jukwaa lao mtandaoni, wako kama mia nne, wanajiita Walalaji, na wanagombana kutwa: magurudumu mawili au matatu, kiti cha wavu au cha sponji, nani anajua na nani anajifanya anajua.

Humo mume wangu anaitwa Mgongo. Alikuwa msahihishaji katika kiwanda cha uchapaji mpaka alipostaafu, na jicho lake halipitwi na nukta. Kwa miaka kumi na mmoja ameandika tathmini za baiskeli za kulala, na watu hawakuagiza kitu kabla ya kuulizana Mgongo kasemaje. Walalaji wana sheria moja wanayoishika kuliko viapo vya ndoa: kabla ya kilomita mia tatu huna mdomo. Unaweka picha ya mita, unaweka picha ya baiskeli ubavuni, na chini unatia sahihi, Imepandwa na fulani. Hapo ndipo unasikilizwa.

Mimi ni fundi wa makochi. Chumba chetu cha mbele ndicho karakana yangu, na baada ya miaka thelathini ya kuvua na kuvika viti namjua mtu kwa jinsi anavyokaa. Tangu mwaka jana mume wangu alikuwa anakalia upande mmoja, na mimi niliona kabla ya daktari. Yeye akasema ni kochi limebonyea. Kochi nililishona mimi, kwa hiyo tulinuniana siku mbili.

Januari aliagiza baiskeli mpya kwa fundi mmoja wa mageti anayeziunda uani kwake, akamtumia vipimo vya miguu yake mirefu mpaka milimita. Machi nyonga ikagoma. Aprili akapasuliwa. Mei daktari akatuambia, kwa sauti laini iliyonikera, kwamba kutembea atatembea na fimbo, lakini habari za baiskeli asahau. Wiki iliyofuata baiskeli ikafika, nyekundu, imefungwa kwa maboksi na upendo.

Walalaji hakuwaambia. Hakumwambia mtu yeyote.

Ile baiskeli ilikaa kwenye korido wiki tatu, nikigonga ugoko kila nikipita na jora la kitambaa. Siku moja nikaikalia. Kwa ajili ya kazi tu, nijue kiti kimeshonwaje. Kimeshonwa vizuri, wavu umevutwa sawasawa. Miguu yangu ikabaki inaning'inia mbali na pedali kama ya mtoto kwenye benchi la hospitali. Nikainua macho, mume wangu amesimama mlangoni na fimbo yake.

"Bomba la mbele linarudi ndani," akasema. "Ukitaka pedali zikufikie."

"Mimi sitaki kitu. Nakagua mshono."

"Basi nilirudishe kidogo, ukague vizuri."

Akaleta spana, akalirudisha bomba sentimita tisa. Nilianguka mara mbili siku ya kwanza na mara moja siku ya pili. Siku ya nne nilifika mpaka kituo cha mafuta na kurudi, nimeegemea, naangalia mawingu, na nikatambua kwamba katika umri wangu wote sijawahi kusafiri nikiwa nimekaa vizuri. Toka hapo kila asubuhi kabla ya kufungua karakana nilitoka nayo. Jioni mume wangu ananihoji.

"Kwenye kona inasemaje?"

"Inasema polepole."

"Breki ya mbele?"

"Inashika mapema. Ile ya nyuma inafikiri kwanza."

Anacheka, anaandika kwenye daftari lake. Miezi ile miwili tuliongea kuliko miaka mitano iliyotangulia, na nasema wazi, nilikuwa na furaha. Kasoro niliyompa ilikuwa moja tu: mnyororo. Baiskeli hizi mnyororo wake ni mrefu, unatoka mbele kabisa mpaka gurudumu la nyuma, na huu wetu ulikuwa umelegea. Unapiga bomba, ka ka ka, njia nzima. Mara mbili ulichomoka kabisa nikiwa kwenye kilima cha tangi la maji. Aliposikia habari za mnyororo hakucheka. Aliandika tu.

Mita ilipofika mia tatu akakaa kwenye kompyuta, akaandika tathmini. Ilikuwa nzuri. Kilima kile cha tangi la maji nilichopanda mimi mpaka mapaja yakawaka, yeye kaandika "nilikipanda bila kusimama". Breki inayofikiri kwanza, yangu hiyo, iko pale, na watu wanaisifu. Nikameza. Nilijiambia, mwache mzee na kidogo chake. Kisha nikafika kwenye mnyororo: "Mnyororo umekatwa vibaya na muundaji, unalegea na kuchomoka. Kwa kosa hili siwezi kuipendekeza." Chini kabisa: Imepandwa na Mgongo.

Penye wengi pana mengi. Kufika mchana jukwaa lilikuwa linawaka. Wawili walifuta oda zao kwa yule fundi wa mageti. Fundi mwenyewe akaandika mistari miwili, kwa adabu: "Mzee Mgongo, mnyororo niliukata kwa vipimo ulivyonitumia. Naomba uangalie tena." Wakamrukia. Nani wewe wa kumfundisha Mgongo. Wengine wakasimama upande wa fundi, wakauliza tangu lini Mgongo hakosei. Mmoja akaandika kwamba tathmini zote za jukwaa hili zinanuka. Mwingine akamjibu anuse kwanza kwapa lake. Mume wangu, ambaye kwa kawaida angekuwa katikati ya hayo yote amekunja mikono ya shati, alikuwa amekaa tu anasoma.

Ndipo akaingia Rula.

Rula ni Mlalaji asiyegombana na asiyesalimia. Kazi yake humo ni kupima picha. Alichukua picha ya ubavuni aliyoiweka mume wangu, akatumia kipenyo cha gurudumu kama kipimo, akachora mistari. Akaandika: "Kutoka kiti hadi pedali, baiskeli hii imewekwa kwa mtu mwenye miguu mifupi. Mgongo nilimwona kwenye mkutano wetu mwaka juzi, aliinama kuingia mlangoni. Kwa mpangilio huu angepigwa na magoti kidevuni. Naomba kuuliza, kilomita hizi mia tatu amepanda nani?"

Ilikuwa Jumamosi, saa nane mchana. Nilikuwa napigilia misumari kwenye kiti cha mteja nikasikia kompyuta inafungwa. Nikaenda. Uso wake ulikuwa wa kijivu.

"Njia ya mwongo fupi," akasema. "Yangu ilikuwa na sentimita tisa."

"Si uwaambie tu."

"Niwaambie nini?"

"Kwamba amepanda mkeo. Kuna aibu gani? Au aibu ni mimi?"

"Siyo wewe."

Mimi hasira zangu huja na hesabu. Nilisimama pale mlangoni nikaanza kujumlisha, kwa sababu nakata vitambaa kila siku na najua kitu kinachokatwa kwa kipimo kimoja hakivaliki kwa kingine. Mnyororo ulikatwa kwa miguu yake. Bomba likarudishwa ndani kwa miguu yangu. Mnyororo unakwenda na kurudi, kwa hiyo sentimita tisa ni kumi na nane za kuning'inia. Kosa la fundi liko wapi?

"Ulijua," nikamwambia. "Toka siku ya kwanza niliyokwambia unapiga, ulijua ni kwa nini."

"Nilijua."

"Na ungeweza kuupunguza."

"Dakika kumi, kazi yenyewe."

"Mzee, mnyororo umenichomokea kilimani mara mbili na lori liko nyuma yangu. Kijana wa watu anapoteza wateja kwa kazi aliyoifanya vizuri. Dakika kumi tu. Kwa nini hukuupunguza?"

Nje mtu alikuwa anafua, tukawa tunasikia maji.

"Ukikatwa," akasema, "hautanifikia tena."

Nilikuwa nimejiandaa kwa jibu lolote la kijinga, siyo hilo. Kumbe kila jioni aliponihoji kuhusu kona na breki alikuwa anauacha mnyororo kwa kipimo cha miguu yake, tayari, kwa siku daktari atakapoonekana alikosea. Nilimwonea huruma. Na bado nilikuwa na hasira naye. Vyote viwili vinakaa kifua kimoja, watu walioolewa wanajua.

"Kwa hiyo fundi wa watu aangamie," nikasema.

"Hapana."

"Basi fungua hiyo kompyuta."

Akaifungua. Aliandika na kufuta mara nyingi, yeye ambaye kazi yake ilikuwa kufuta ya wengine. Mwishowe akaniita nisome kabla hajatuma. Yalikuwa machache: "Rula amepima sawa. Sikuipanda baiskeli hii hata mita moja. Nilipasuliwa nyonga Aprili na sitapanda tena. Kilomita zote amepanda mke wangu, na yote mazuri mliyoyasoma ni maneno yake. Mnyororo fundi aliukata vizuri, kwa miguu yangu. Niliulegeza mimi kwa kulirudisha bomba ndani bila kuupunguza mnyororo. Namwomba fundi radhi. Nawaomba nyote radhi. Tathmini zangu nyingine nilizipanda kweli, lakini sitamlaumu atakayekataa kuamini."

Mkono wake ulikuwa juu ya kitufe na haushuki. Nikauwekea wangu juu. Tukatuma.

Walimla mzima mzima. Mmoja alisema miaka kumi na mmoja yote itupwe. Mwingine, aliyenunua baiskeli kwa neno la Mgongo mwaka jana na kuipenda, akatangaza kwamba sasa haipendi tena. Yule wa kwapa akamtetea, jambo ambalo halikusaidia. Akutukanaye hakuchagulii tusi, na mume wangu aliyasoma yote, moja moja, bila kujibu, kama mtu anayesahihisha kurasa kabla hazijachapwa. Jioni fundi akaandika: "Nimepokea radhi. Pole na nyonga, mzee. Pingili za mnyororo zipunguzwe kumi na nne." Mmoja wa wale waliofuta oda akairudisha. Wa pili mpaka leo hajarudi.

Rula hakusema kitu.

Kesho yake baada ya chai nilimkuta mume wangu uani, amekaa kwenye stuli yangu ya kazini, baiskeli imeegemezwa ukutani, ameshika kifaa kidogo cha kusukumia pini za mnyororo. Alihesabu pingili kwa kidole. Alifika kumi na nne, akarudi mwanzo, akahesabu tena, na mimi najua hakuwa amekosea mara ya kwanza. Nilisimama nimeshika kikombe. Sikumwambia afanye haraka. Pini ikatoka, kipande kikamwangukia kiganjani, akakifumbata kwanza, ndipo akauunga mnyororo.

"Panda," akasema.

Nilizunguka mtaa mzima mpaka kwenye tangi la maji na kurudi. Mnyororo haukutoa sauti. Nilirudi yuko getini, ameegemea fimbo.

"Inapiga?"

"Haipigi."

"Kwenye kilima?"

"Haipigi, mzee. Imenyamaza kabisa."

Akaitikia kwa kichwa, akageuka kuingia ndani, na kwenye mfuko wa shati lake nikasikia kitu kinagongana kidogo kila akipiga hatua.

Ilibidi nianze upya. Sheria ni sheria, na zile mia tatu za kwanza nilikataa zihesabiwe kwa sababu baiskeli haikuwa sawa. Nilimaliza baada ya wiki sita. Safari hii niliandika mimi, kwa vidole viwili, naye amekaa pembeni ananiudhi kwa nukta na mikato. Nilisema breki ya nyuma inafikiri kwanza. Nilisema kiti ameshona mtu anayejua kushona, na mimi nina haki ya kusema. Nilisema mnyororo uko sawa. Kwenye sahihi nikasita, nikamtazama, akaniambia niandike ninavyotaka. Nikaandika: Imepandwa na mke wa Mgongo. Imesahihishwa na Mgongo.

Picha tuliweka ya ubavuni, kama desturi. Tulikaa kwenye kochi kusubiri majibu, yeye upande wake mmoja, ambao sasa nimeuongezea sponji. Ilichukua saa nzima. Kisha Rula, ambaye hasalimii, akaandika mistari miwili.

"Nimepima. Inamtosha aliyeipanda. Mgongo, kiti chako humu kipo."

Mume wangu aliisoma, akavua miwani, akaifuta kwa shati, akaisoma tena. Halafu akaninong'oneza kwamba baada ya "Nimepima" ingefaa mkato.