Saa ya Matroni

Saa nane mchana, siku ya Alhamisi, mlango wa studio ya tatuu ulifunguliwa, na Wino, aliyekuwa amejibweteka kwenye kiti chake cha magurudumu akinywa chai, akajikuta amesimama wima, mikono ameinyoosha mbele, viganja vimetazama chini. Hakuna aliyemwambia asimame. Miguu ilijiamulia yenyewe. Alikuwa amemaliza shule miaka kumi na minne iliyopita, ila miguu yake ilikuwa haijapata taarifa hiyo.

Mlangoni alisimama Matroni.

Alikuwa yuleyule. Viatu vyeusi vya kufunga kamba, mkoba uliobanwa kwapani kama silaha, na shati la mikono mirefu lililopigwa pasi mpaka likakata tamaa. Kwa miaka thelathini na mmoja mama huyu alitawala mabweni ya wasichana kwa filimbi, kwa rejista, na kwa pua iliyoweza kunusa mkate uliofichwa chini ya godoro wakati mwenyewe bado yuko kwenye ngazi. Ilisemekana kucha ndefu zikimwona zinajikata zenyewe.

"Wino," akasema.

Jina hilo ni yeye aliyelitoa. Wino alikuwa kidato cha pili. Asubuhi moja ya ukaguzi, Matroni aliamuru Bweni la Tatu linyooshe mikono, akakuta wasichana ishirini na wawili wamevaa saa. Shuleni saa zilikuwa marufuku. Tena hizi hazikuwa za dukani. Zilichorwa kwa kalamu ya buluu, zikiwa na mikanda, vifungo na vitundu vyake, na zote zilionyesha saa kumi kasoro dakika kumi. Saa kumi jioni ndipo kengele ilipopigwa watu wakaachiwa kwenda uwanjani, na kila mwanafunzi alijua kwamba furaha yenyewe huanza dakika kumi kabla.

"Saa ngapi sasa?" Matroni aliuliza siku ile, kwa upole wa kutisha.

Bweni zima likatazama mikono yake na kujibu kwa sauti moja, bila kupepesa jicho: "Saa kumi kasoro kumi, Matroni."

Ilikuwa saa kumi na mbili na nusu asubuhi.

Msanii hakuhitaji kutafutwa. Vidole vyake vilikuwa vya buluu. Alipewa ndoo, kipande cha sabuni na brashi ya kufulia, akaisugua mikono yote ishirini na miwili hadi ya mwisho, huku wenye mikono wakimtukana kwa kunong'ona. Toka hapo akaitwa Wino, na leo jina hilo liliandikwa kwa herufi kubwa juu ya mlango aliposimama Matroni.

"Shikamoo, Matroni."

"Marahaba. Shusha mikono."

Akaishusha.

Matroni aliingia na kuanza ukaguzi. Alipitisha kidole juu ya rafu, akakitazama kidole, hakuona kitu, akapitisha kingine. Aliinama chini ya kitanda cha wateja. Alifunua pipa la taka akachungulia ndani kama mtu anayetafuta mtoto.

"Sindano hii ametumia nani?"

"Hakuna. Kila mtu na yake. Naifungua mbele ya macho yake, ikimaliza kazi inaingia kwenye lile kopo la njano, haitoki tena."

"Na wino wa mteja ukibaki?"

"Unamwagwa. Namimina kidogo kidogo kwenye hivi vikombe, na vyenyewe vinatupwa."

"Glavu?"

"Mpya. Nikigusa simu, navua, nanawa, navaa nyingine."

Matroni alivuta pumzi puani. "Kumbe ulikuwa unasikiliza," akasema.

Wino akachukua tena kikombe chake cha chai. "Matroni, umetumwa na watu wa afya?"

"Nimekuja kuchorwa."

Chai ilimpalia Wino. Alikohoa mpaka machozi yakamtoka, na kabla hajatulia mlango ukafunguka tena. Akaingia pande la mtu, kifua kama kabati, mteja aliyepangiwa kuchorwa tai begani siku hiyo.

"Nipo tayari, dada," akasema yule jamaa, ingawa midomo ilikuwa mikavu na jasho lilimtiririka shingoni.

"Umekula?" Wino akamuuliza.

"Nile tena? Si kama operesheni? Nimefunga tangu jana. Halafu usiku nikashushia bia tatu za kujipa moyo."

"Rudi nyumbani."

"Aa, dada yangu!"

"Tumbo tupu utanizimia hapa, na mimi sina winchi ya kukunyanyua. Na hiyo bia inafanya damu itoke ovyo, inausukuma wino nje, tai wako atatoka kama kuku. Kula, lala, usiguse pombe. Jumatatu saa nne."

Jamaa aligeuka kumtazama yule mama mtu mzima, akitegemea huruma. Alikosea mlango.

"Umemsikia," Matroni akasema. "Misuli yote hiyo, na hujui kwamba mtu hula asubuhi? Sheria ni sheria. Nenda."

Jamaa alitoka kinyumenyume, akiomba radhi kwa watu wote wawili na kwa kizingiti.

"Vizuri sana," Matroni akamwambia Wino. "Hakuna huruma za kijinga."

Ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yake Wino kusifiwa na Matroni. Alijisikia kama amevishwa nishani, akampa fomu akitabasamu peke yake. Matroni aliijaza kwa mwandiko wa rejista. Kwenye umri aliandika "Wa kutosha", akaangaliwa, akafuta, akaandika sitini. Mzio: hakuna. Sukari: hakuna. Dawa za kuyeyusha damu: hakuna. Palipouliza kama ana maradhi yoyote ya muda mrefu, aliandika: "Wasichana, miaka 31. Nimepona."

"Unataka tuchore nini?" Wino akauliza.

Matroni alifungua mkoba akatoa kitabu cheusi. Wino alikifahamu kitabu kile hata kabla hakijafunuliwa. Kitabu cha adhabu. Matroni alilamba kidole, akafunua karatasi taratibu, akakizungusha kitabu juu ya meza. Chini ya tarehe ya zamani, kwa kalamu ya risasi na rula, palikuwa na saa: mkanda, kifungo, kitundu, mishale kwenye saa kumi kasoro kumi. Pembeni paliandikwa "Kielelezo".

"Niliinakili kabla hujaisugua," Matroni akasema. "Ushahidi lazima utunzwe. Nataka hii. Mkono wa kushoto."

Wino aliufuata mkanda wa ile saa kwa kidole.

"Mwaka wangu wa kwanza kazini nilimwagikiwa na maji ya moto, sufuria nzima ya maji ya kuoga," Matroni akaendelea, akitazama ukuta. "Kovu liko hapa, pa kuvalia saa. Mkanda wowote ukikaa hapo, unaumiza. Sasa Jumamosi wananiaga. Kila anayestaafu pale hupewa saa. Nimeshaiona kwenye droo ya mwalimu mkuu."

"Ulifungua droo ya mwalimu mkuu?"

"Nilikuwa nakagua. Watakuja na kile kiboksi, mbele ya watu wote, waniambie nivae. Nataka nikunje shati niseme: asanteni, ninayo." Akanyoosha mkono wa shati lake. "Miaka yote ile niliipiga kengele ya saa kumi mwenyewe. Nikishaipiga, nyinyi mnakimbilia uwanjani, mimi narudi ndani kuhesabu mashuka. Sijawahi kutoka saa kumi, Wino. Hata siku moja."

Wino aliusogeza uso wake karibu na kile kitabu ili asionekane macho. Alikuwa amechora majoka, mawaridi, majina ya wachumba waliokwishaachana, lakini hakuwahi kuitaka kazi kama alivyoitaka hii.

"Kunja shati," akasema.

Matroni alifungua kishikizo akaukunja mkono wa shati mara tatu, kwa mikunjo iliyolingana, akauweka mkono mezani.

Kovu lilikuwepo, jeupe na laini, la zamani. Lakini kuanzia kiwiko mpaka kiganja, mkono mzima ulikuwa mwekundu kama umetolewa mdomoni mwa paka. Ngozi ilikuwa imechubuka. Sehemu nyingine ilikuwa inang'aa majimaji.

"Matroni! Umefanya nini?"

"Nimesafisha," akajibu, kwa fahari ya mwanafunzi anayesubiri alama zote. "Brashi ya kufulia na maji ya moto, siku tatu mfululizo. Leo asubuhi nikanyoa kwa wembe, nikamalizia na spiriti. Hutaona uchafu hapo hata ukitumia darubini."

Wino alielewa kilichokuwa kinamsubiri. Ilibidi amwambie Matroni hapana. Katika historia yote ya shule ile, msichana mmoja tu aliwahi kumwambia Matroni hapana, na inasemekana bado yuko nyuma ya jiko anafua mapazia.

Akajikaza kisabuni. "Leo haiwezekani."

"Unasemaje?"

"Kovu halina shida. Ni la zamani, limetulia, ingawa kovu hunywa wino linavyotaka lenyewe, kwa hiyo tungeanza na nukta chache tuone. Shida ni ngozi. Umeichubua. Nikipitisha sindano hapo wino utatawanyika, mkono utavimba, utapata kidonda. Tunahitaji ngozi nzima, iliyooshwa kama watu wanavyooga kila siku. Kunyoa nanyoa mimi mwenyewe, hapa. Rudi baada ya wiki tatu."

"Jumamosi ni keshokutwa."

"Najua."

Matroni alikunjua shati, akafunga kishikizo. "Kuna kijana kule stendi, kwenye kibanda cha makava ya simu. Nilipita nikamwona. Ana sindano yake, hana maswali."

"Ana sindano moja, Matroni. Ya watu wote."

"Nitaiosha."

"Kwa brashi?"

Matroni akasimama. Alichukua kitabu, akabana mkoba kwapani, akaelekea mlangoni. Wino akamwona tayari kwenye kile kibanda, mkono ule mwekundu juu ya kaunta ya vioo, na akajua kwamba akitoka hapo hatarudi na mkono mzima. Miguu yake, ambayo siku zote ilikuwa upande wa Matroni, safari hii ikabadilisha chama. Ilimpeleka mbio ikamsimamisha mlangoni.

"Toka njiani."

"Hapana."

"Wino."

"Hapana, Matroni. Umemfukuza yule jamaa sasa hivi kwa sababu hakula. Ukanisifu. Mimi nimekusikiliza miaka minne mizima, leo wewe unisikilize dakika moja. Sheria ni sheria. Niandike kwenye kitabu ukitaka."

Walikaziana macho. Nje pikipiki ilipita, ikaondoka.

Matroni akafungua kitabu cheusi. Akachomoa kalamu kwenye mkoba, akaitikisa, akaandika tarehe. Akaandika jina. Kwenye kosa akaandika: "Kumkatalia Matroni." Ilipofika sehemu ya adhabu, mkono ukasimama. Ulisimama muda mrefu, na kalamu ikabaki inaelea juu ya karatasi, ya buluu, ya kawaida kabisa.

Wino aliitazama ile kalamu.

"Nipe hiyo," akasema, akaichukua bila kusubiri jibu. "Rudi ukae. Leta mkono wa kulia."

"Wa kulia?"

"Huo hujaugusa. Una ngozi."

"Saa huvaliwa kushoto."

"Kushoto kumefungwa kwa matengenezo. Kaa, Matroni."

Matroni akakaa. Huenda alishangaa kuliko mtu yeyote chumbani. Wino alivuta kiti, akaushika ule mkono kwa upole, akainama. Mduara kwanza. Halafu namba, kumi na mbili juu, sita chini. Mkanda wenye mishono midogo. Kifungo. Kitundu cha ziada, kwa sababu Matroni alikuwa amekonda tangu enzi zile za bweni. Mwisho kabisa, mishale. Vidole vyake vilikuwa vinakumbuka kila kitu, na alipomaliza viwili vilikuwa vya buluu.

"Hii itafika Jumamosi usipoisugua," akasema. "Wakileta kiboksi, kunja shati. Baada ya wiki tatu tunafanya ya kweli, kushoto. Kabla ya hapo, mkono huo wa kushoto ni maji safi na sabuni laini, mafuta kidogo, usiuanike juani. Na siku yenyewe uje umekula. Umeelewa?"

"Nimeelewa."

"Brashi iko wapi?"

Matroni aliinua kidevu. "Brashi gani?"

Wino alinyoosha mkono, kiganja juu, akasubiri. Alikuwa amejifunza kusubiri kwa mwalimu bora. Baada ya muda Matroni alifungua mkoba, akapekua chini ya leso na miwani, akatoa brashi ya kufulia ya mti, mzee wa kazi, meno yamelala upande mmoja. Akaiweka kwenye kile kiganja bila kumtazama mwenye kiganja.

"Utaipata mwisho wa muhula," Wino akasema.

Kona ya mdomo wa Matroni ilitikisika, mara moja tu, ikarekebishwa haraka. Akachukua kalamu yake na kitabu chake cheusi, na pale penye adhabu akapiga mstari mmoja kwa rula, akakifunga. Mlangoni akasimama.

"Saa ngapi sasa?"

Wino alitazama saa ya ukutani. "Saa tisa kasoro robo."

Matroni akakunja shati la mkono wa kulia, mikunjo mitatu, akausogeza mkono karibu na macho, akautazama kwa makini.

"Saa kumi kasoro kumi," akasema. "Rekebisha ya kwako."

Akashuka ngazi taratibu kuelekea barabarani, mkono wa kulia ameutenga mbali na mwili ili wino usifutike, vilevile walivyotembea wasichana ishirini na wawili wa Bweni la Tatu asubuhi ile, walipokuwa wanakwenda kukaguliwa.