Miaka Tisa Chini ya Kitambaa

Jumatatu moja ya mwezi wa pili, mwaka 2004, Rachidi fundi saa alifungua kibanda chake kando ya soko la Jabe saa mbili asubuhi. Akafuta meza, akaitazama saa ya ukutani iliyoletwa tangu Alhamisi, akaisukuma pembeni, kisha akatoa karata. Hakuwa amegusa karata kwa miaka tisa. Mkewe Asiya ndiye aliyemnunulia hizi mpya, maana alichoka kumwona amekaa na mikono mapajani.

"Rudia muchezo yako," alimwambia. "Vidole inakauka. Kesho itashindwa hata kufungua saa."

Kabla ya vita Rachidi alijulikana mtaa mzima kwa mazingaombwe ya mezani. Alifundishwa na mtu wa Bukavu aitwaye Birindwa, aliyelala kwake masika nzima akingoja karatasi za safari. Rachidi hakukata watu kwa msumeno. Kazi yake ilikuwa vitu vidogo, karibu kabisa na macho ya mtu: karata, kastabini ya kushonea, yai, ndimu. Alikifunika kitu, kikaondoka, halafu akakitoa nyuma ya sikio la aliyeketi karibu.

Aliacha mwezi wa tatu mwaka 1995, Jumamosi, saa nne asubuhi. Rafiki yake Jovithe, karani wa ghala la pamba aliyeishi mtaa wa Musaga na mkewe Dévote, alikuwa amekuja kuchukua saa yake. Barabarani vijana wenye marungu walikuwa wakipita mlango kwa mlango wakitafuta watu wa kabila la Jovithe. Aliyewaongoza alikuwa Rénovat, jirani yake Jovithe hukohuko Musaga. Kibanda hakikuwa na mlango wa nyuma. Rachidi akanyakua kitambaa cha kufutia saa, akamtupia Jovithe kichwani. Kitambaa kilikuwa kidogo na Jovithe alikuwa mnene, lakini hapakuwa na nafasi ya kupima.

"Rachidi, umwambie Dévote kama..." Jovithe alianza kusema.

Rachidi akakivuta kitambaa. Kiti kilikuwa kitupu.

Rénovat akaingia, akachungulia chini ya meza.

"Ule mutu iko wapi?"

"Mi niko na saa tu," Rachidi akajibu.

Wakaondoka. Mara tu mtaa ulipotulia, Rachidi alianza kumrudisha rafiki yake. Alijaribu mara arobaini, zikatoka ndimu na kastabini. Mikono ilikuwa ikimtetemeka, na kazi ile haitaki mikono inayotetemeka. Siku ya tatu akafungia karata sandukuni. Dévote, ambaye alikuwa amekimbilia kwa dada yake mtaa wa Kamenge, alikuja akaelezwa yote. Akauliza kama huko aliko mumewe kuna baridi. Rachidi akasema hajui. Tangu hapo Dévote alikuja kila mwisho wa mwezi na shati safi, akakaa nusu saa, akarudi nalo. Hakulaumu hata mara moja, na hilo ndilo lililomwuma Rachidi kuliko matusi.

Basi akaanza upya, kama kujifurahisha tu. Wiki ya kwanza karata zilimponyoka zikatapakaa sakafuni. Wiki ya pili vidole vikaanza kukumbuka. Wateja waliongoja saa zao walicheka alipotoa kastabini kwenye kola zao, naye akajikuta akicheka nao. Jumanne ya wiki ya tatu alifunika ndimu, na alipofunua akakuta kiatu cha mwanamume, cha kushoto, kina vumbi.

Dévote akaitwa. Akakigeuza kiatu akatazama soli.

"Ni yake. Anakanyaga upande, iko vile siku zote." Akakiweka chini ya meza. "Umutafute pole pole, baba. Usimuvute kwa nguvu."

Alhamisi ikatoka kofia. Jumamosi adhuhuri Rachidi alimwomba mama mmoja aliyeleta saa ya kengele achague karata. Akanyoosha mkono nyuma ya sikio lake kuitoa, akahisi kitambaa cha shati, na ndani ya shati bega la mtu. Akavuta kwa upole. Jovithe akatoka, bega kwanza, tumbo likafuata kwa shida, akasimama na kiatu kimoja.

"...kama nitachelewa kidogo," akasema.

Mama yule akasogeza kiti ili Jovithe apite, akauliza saa yake itakuwa tayari lini.

Rachidi alikaa chini akalia, taratibu, kama mtu anayeshusha gunia la mchele baada ya kupanda mlima nalo. Jovithe akampigapiga mgongoni, akidhani mwenzake anaumwa. Kisha Dévote akafika. Alikuwa mdogo wa mumewe kwa miaka minne, sasa alikuwa mkubwa wake kwa mitano.

"Umenona," Jovithe akamwambia.

"Nilikungoja," Dévote akasema. "Vaa shati."

Jumatatu wote watatu walikwenda Musaga. Katika nyumba ya Jovithe alikuwa akiishi Rénovat, ambaye siku hizi alifanya kazi katika ofisi inayopokea malalamiko ya walionyang'anywa nyumba. Mlango alikuwa ameupaka rangi ya kijani. Akawapokea vizuri, akawatolea viti.

"Jovithe! Ulikuwa wapi siku zote?"

"Kwa Rachidi."

"Lakini mi nilitafuta pale," Rénovat akasema, kama mtu anayekumbuka ufunguo uliompotea. "Kweli kabisa, nilitafuta."

Kuhusu nyumba, aliwaambia waandike barua, yeye mwenyewe ataipokea. Waliiandika. Akaigonga muhuri, akaiweka juu ya nyingine.

Mwezi wa nne Rénovat alikuja Jabe, saa yake imesimama. Jovithe na Dévote walikuwa kibandani wakinywa chai. Rénovat akaziona karata, akaketi.

"Nasikia umerudia. Nionyeshe kitu."

Dévote, kwa kidole kimoja, akakisukuma kitambaa mpaka mbele ya Rachidi.

Rachidi akakitazama. Kwa miaka tisa alikuwa amembeba Jovithe, mtu ambaye huko alikokuwa hakuwa na uzito wowote, na mgongo ulikuwa haujapona. Akakichukua kitambaa, akafuta kioo cha saa ya Rénovat, kisha akamwambia achague karata. Ilikuwa saba ya kopa. Akaipoteza, akaitoa katika mfuko wa shati la Rénovat mwenyewe. Rénovat alicheka mpaka machozi, akampa kila mtu mkono, akarudi zake Musaga.

"Ungeweza," Dévote akasema.

"Ningeweza. Halafu ningebaki naye mimi."

Dévote akamimina chai iliyobaki. Asiya akaleta wali na ndagala, dagaa wa ziwani. Jovithe, ambaye tangu atoke alikuwa hashibi, alikula sahani tatu huku akieleza mambo ya ghala la pamba ambalo lilikwisha fungwa. Saa kumi yeye na mkewe walipanda gari la Kamenge, kurudi kwenye chumba chao cha kupanga. Rachidi akabaki mlangoni mpaka gari likapinda kona. Akanawa kwa ajili ya sala ya alasiri, akaona mikono yake imechoka, kama ya mtu yeyote aliyefanya kazi tangu asubuhi.