Wanaorudi Kufumuliwa

Mgeni aliingia uani kwa Ghaisha asubuhi ya Jumapili. Ghaisha alikuwa amebana dumu la maji katikati ya magoti, anatoboa turubai lake kwa maharazi, ile sindano nene ya mpini wa mti aliyoachiwa na mama yake. Mgeni alikuwa kijana. Alibeba dumu tupu lililovishwa turubai kama hilo, na mchanga ulikuwa ukimwagika polepole kutoka kwenye mikono ya kanzu yake. Alisalimu, akauliza hali ya nyumba, ya mbuzi na ya joto. Ghaisha akamjibu zote, akamsogezea mkeka.

"Mimi ni Habu, wa Kantche," alisema. "Ulinishonea dumu hili mwaka jana, mama. Nilikufa kule mbele ya kisima cha mwisho."

Ghaisha alilipokea, akapitisha kidole kwenye mshono. Ulikuwa wake.

"Haukufumuka," alisema.

"Haukufumuka. Maji ndiyo yaliyokwisha."

Ghaisha akateleka chai.

Pale Agadez, kila anayepanda lori la kuvuka jangwa kwenda kaskazini huvisha dumu lake turubai, akalilowesha ili upepo uyapoze maji, akalining'iniza ubavuni mwa lori. Wanaoshona madumu hayo ni wanawake wa ukoo wa Ghaisha, ambao kazi ya ngozi ni yao tangu enzi za viriba. Wakifika kwenye fundo la mwisho hulitia mate na kusema: "Usiliache, lisikuache." Maneno hayo waliyakuta, wakayaendeleza, na hakuna aliyekaa akayafikiria.

"Ni hayo maneno," alisema Habu, akipuliza chai. "Nataka kwenda kwa mama yangu, lakini dumu haliniachi, na mshono unanivuta kwa aliyeushona. Nimeshafika hapa mara mbili nikaambiwa uko harusini."

"Ilikuwa harusi ndefu."

"Jua likivuka ukuta wako kabla sijafumuliwa, miguu inageuka yenyewe, narudi nilikolala. Ni mbali, mama."

"Nyinyi watu wa Kantche hata mkifa hamchoki kusafiri."

Habu akacheka, mchanga ukamwagika mkekani.

Ghaisha alichomeka maharazi chini ya fundo, akaanza kufumua. Habu akamsimulia. Dereva wa lori la Alhaji Kalla aliiacha barabara ili kuwakwepa askari wa doria. Katikati ya jangwa akawashusha wote, akasema anakwenda kutafuta mafuta, akawaambia wasihame pale. Hawakuhama.

"Na wale walioshonewa na wengine?" Ghaisha aliuliza. "Wasiosema maneno?"

"Hao hawarudi. Hawana kinachowavuta." Habu aliweka glasi chini. "Nyuma yangu yuko Delu na mtoto wake. Wanakuja taratibu, mtoto ana miguu mifupi. Wakifika wasikukose kama nilivyokukosa mimi. Niahidi."

"Watanikuta."

Uzi wa mwisho ulipotoka Habu alisimama, akashukuru, akashika njia ya kusini mikono mitupu. Ghaisha aliufagia mchanga akautia kwenye karai. Ulikuwa mzuri wa kusugulia sufuria.

Mchana alilipeleka lile dumu kituo cha polisi. Askari alimpa kiti.

"Mlalamikaji yuko wapi?"

"Amekwenda kwa mama yake."

"Mashahidi?"

"Wamekufa. Wako njiani."

"Basi wakifika waje na vitambulisho, shangazi. Bila kitambulisho nitamwandika nani?"

Vitambulisho vyao vyote vilibaki kwa dereva. Askari alisikitika kweli, akamsindikiza hadi mlangoni. Ng'ambo ya barabara lori la Alhaji Kalla lilikuwa likioshwa.

Dumu ambalo Ghaisha alikuwa akilishona asubuhi lilikuwa la Aghali, mwanawe wa pekee. Aghali alikuwa anaondoka Jumanne kwa lori hilohilo, na dereva yuleyule. Wakati wa kula Ghaisha alimweleza yote, tangu chai hadi polisi. Aghali alisikiliza, akaendelea kumega ugali wa mtama.

"Mimi nitakaa mbele, mama, karibu na dereva."

"Aliwashusha wote, wa mbele na wa nyuma."

"Sasa hapa nifanye nini? Nikae nikushikie madumu ya wenzangu?" Hakusema kwa ukali. "Ulisema utanishonea. Usiposhona wewe atashona mwingine, na mishono ya wengine tunaijua."

Ghaisha alishona. Alikaza kila tundu mpaka kiganja kikamvimba. Alipofika kwenye fundo la mwisho alisita, uzi mdomoni, akawafikiria wale wasio na kinachowavuta. Kisha akalitia mate, akayasema maneno yote, polepole, asiruke hata moja.

Jumanne Aghali aliamka mapema, akaaga, akaondoka na dumu lake. Ghaisha hakumwambia alichokusudia. Angemfuata kituo cha malori na kulala mbele ya magurudumu, na hapo wamkanyage au wamshushe mwanawe. Alijitanda shuka, akafungua mlango wa ua.

Mlangoni alisimama mwanamke na mtoto, kila mmoja na dumu lake. La mtoto lilikuwa dogo, la mafuta ya kula.

"Hapa ni kwa Ghaisha?"

"Ni hapa. Wewe ni Delu."

Delu alilitazama shuka. "Unatoka. Tutarudi siku nyingine, mama. Hatuna haraka."

Mtoto alikuwa ameshakaa chini, anajitazama miguu. Visigino vyake vilikuwa vimeanza kugeuka mbele. Mwanga ulikuwa karibu kufika juu ya ukuta.

Ghaisha alivua shuka, akayapokea madumu yao, akachukua maharazi, akakaa. Alianza na dumu la mtoto. Uzi ulikuwa umekauka kwa jua, ukikatika kila baada ya matundu machache, na kila kipande kilitaka kuchokolewa peke yake. Alipomaliza, mtoto alinyoosha miguu, akatembea kidogo kuijaribu.

Honi ya lori ililia kituoni.

"Una mtu mle?" Delu aliuliza.

"Mwanangu."

Delu alinyoosha mkono ili arudishiwe dumu lake. Ghaisha hakumpa. Alilibana katikati ya magoti, akalitafuta fundo. Ngurumo ya lori ilipita nyuma ya nyumba, ikaelekea kaskazini, naye akaendelea kufumua.