Glavu za Koti la Mama Mdogo

Haya, nikutegee kimoja kabla maji hayajachemka. Ana kidole gumba lakini hana kucha. Mdomo wake mmoja, hali wala hanywi. Hushika moto na halii. Ni nani huyo? Ukisema glavu ya jikoni, umepata, mji ni wako, kaa utawale. Ila ukimtegea Mama Kitinda kitendawili hicho, atakuuliza kwanza: glavu gani, tupu au yenye mtu?

Alizishona Jumatatu, akisubiri unga wa mkate uumuke. Unga wake ni ule wa siku zote: vikombe vinne vya ngano, kijiko cha hamira, chumvi ya kubana kwa vidole vitatu, sukari kidogo ya kuiamsha hamira, na maji yenye joto la kiganja cha mtoto. Unaukanda mpaka uache kunata, unaufunika kitambaa chenye unyevu, unauacha peke yake saa nzima. Mama Kitinda hajui kukaa bure saa nzima. Akaliteremsha koti la mdogo wake, lililokuwa likining'inia nyuma ya mlango kwa miaka miwili.

Lilikuwa koti la sufu, kijivu, zito, na halikumtosha mtu yeyote mle ndani. Aliweka mkono wake juu ya gazeti, akauzungushia penseli, akaacha upana wa vidole viwili kwa ajili ya mshono, kwa sababu glavu inayobana haina faida. Akayakata mabega ya koti, akaitumia mikono ya koti. Ndani akatia blanketi kuukuu, na juu ya blanketi bitana ya vipande vya rangi rangi ambavyo mdogo wake huyo, sasa marehemu, alikuwa akimletea kutoka kiwanda cha nguo, vidogo kama kiganja, vya kutupwa. Akashona mara mbili penye kidole gumba, ambapo hufumuka upesi, akazigeuza.

Mkate ulipoiva akavaa glavu zote mbili, akaingiza mikono kwenye oveni. Humo ndani ya glavu, mkono wake wa kulia ukashikwa.

Hakupiga kelele, maana trei ilikuwa ya moto. Aliiweka mezani kwanza. Kisha akaupapasa ule mkono uliomshika. Ulikuwa mdogo, mkavu, wenye joto, na ukucha wa kidole cha shahada ulikuwa umepasuka katikati, pale sindano ya cherehani ilipopita siku moja.

"Humu yumo mama yako mdogo," alimwambia binti yake.

Kitinda, mtoto wa mwisho na pekee aliyebaki nyumbani, alikuwa akikata uzi kwa meno. "Si koti ni lake," akasema. "Ulitaka awemo nani?"

Mama mdogo alikufa na wenzake wawili kwenye moto wa chumba cha kukatia nguo, saa nne unusu asubuhi. Barua ya kiwanda ilisema mlango wa nyuma ulikuwa wazi, na kwamba marehemu alirudi ndani kuchukua vipande vya vitambaa. Aliyeileta barua hiyo nyumbani ni Baba Kitinda, mlinzi na mshika funguo wa kiwanda hicho hicho. Mkono wa pili alikuwa amebeba koti, kwa kuwa makoti huachwa getini. Mkewe alimuuliza mara moja tu kama ni kweli mlango ulikuwa wazi.

"Wameandika ulikuwa wazi," alijibu, na wakaishia hapo.

Lile neno la vipande lilimkaa Mama Kitinda rohoni kama mwiba wa samaki. Vipande vilikuwa vyake. Yeye ndiye aliyemwagiza mdogo wake, apate kushonea foronya.

Na sasa Kitinda mwenyewe alikuwa anaanza kazi kiwandani Jumatatu inayofuata, katika chumba kile kile, kilichopakwa rangi upya. Baba ndiye aliyempigania nafasi. Aproni kila mfanyakazi alitakiwa ajishonee, ya bluu, isiyo na mfuko hata mmoja, ili kipande kisitoke. Kitinda alikuwa amefika kwenye kanda za kiunoni.

Jumatano aliingia jirani yao, mwanamke waliyempa jina la Redio, na mwenyewe alilipenda.

"Hodi hapa! Nasikia mna mgeni, shoga, wala hamsemi!"

Akaivaa glavu ya kulia bila kuambiwa.

"Mh! Mikono ya moto hivi, umetoka kupika nini huko? Hujambo, dada? Na chujio langu je? Tangu uondoke nalo nachuja chai kwa leso, mwanamke mzima mimi!"

Akafinywa, akacheka sana. Alikuwa bado anacheka ilipogonga saa nne unusu. Ule mkono ukamwachia. Ukashika kitu kisichokuwapo, ukakizungusha kulia, ukakizungusha kushoto, ukasukuma. Kisha ukakunja ngumi, ukaanza kupiga. Mkono wa Redio ukatikisika mpaka begani, na kikombe kikaanguka mezani.

"Anafanya nini huyu?"

"Anafungua mlango," alisema Kitinda.

"Basi haufunguki," alisema Redio, na kwa mara ya kwanza tangu wamjue akateremsha sauti.

Ulipiga kwa dakika kumi na moja, ukaacha.

Jioni hiyo, wakila, Kitinda aliweka kijiko chini.

"Baba, ule mlango wa nyuma siku hizi unafungwa saa ngapi?"

Baba Kitinda aliomba chumvi. Chumvi ilikuwa mbele yake. Akaitazama tu, akanyanyuka, akaenda uani kupiga viatu dawa, ingawa vilikuwa vimeshapigwa.

Alhamisi mtaa wote ulikuwa na habari. Wanawake walikuja na vyombo vyao, kila mmoja akijifanya amefuata namna ya kuumua mkate. Mmoja wao, aliyefiwa na mama yake katika moto ule ule wa kiwandani, alitia mkono, akaomba salamu zifikishwe, akaondoka na hamira kijiko kimoja kwenye karatasi. Ijumaa habari zilifika kiwandani. Meneja alisema kiwanda hakina maelekezo yoyote kuhusu glavu, kengele ikalia, watu wakarudi kwenye mashine.

Mama Kitinda, kwa upande wake, alijifunza kutoa mkate saa nne na robo. Kwenye mgongo wa koti alipata kofia ya birika, ile ya kufunikia chai isipoe, nusu duara mbili na utepe juu. Chai aliyoifunika Alhamisi ilikuwa bado inatoa mvuke Jumamosi. Ilinuka moshi kidogo. Waliinywa.

Baba Kitinda alikunywa naye, lakini glavu hakuzigusa. Sufuria alikuwa akiiepua kwa kitambaa alichokikunja mara nne.

Jumapili kiwanda hufungwa, na wote watatu walikuwa jikoni. Mkate ulichelewa, maana pindo la aproni lilikuwa limekwenda upande, ikabidi lifumuliwe lote. Mama Kitinda alikuwa na unga wa pili mpaka kwenye viwiko.

"Baba Kitinda, toa mkate, unaungua."

Akanyoosha mkono kwenye kitambaa chake.

"Hicho kimelowa, kitakubabua. Vaa glavu."

"Nitapuliza tu."

"Utapuliza trei? Vaa glavu, mume wangu."

Akazivaa. Alitoa trei, akaiweka mezani taratibu kama mtu aliyebeba mtoto aliyelala, akasimama pale pale. Mkono ule haukumshika kama ulivyowashika wengine. Ulimpapasa kidole kimoja kimoja, ukashuka mpaka kwenye kiganja, ukatafuta pembeni kama mtu anayempekua mwenzake mfukoni gizani. Ukafika penye sugu iliyo chini ya kidole cha shahada, ambapo pete ya funguo imekaa miaka kumi na tisa. Ukabaki hapo.

"Vua basi, umeshatoa," alisema mkewe.

"Sijaachiwa."

Saa ikagonga nne unusu. Ukaanza kuzungusha, kulia, kushoto. Ukasukuma. Ukapiga. Mkono wa shati la Baba Kitinda ulitikisika, na vifungo vikagonga kwenye ukingo wa meza, tik, tik, tik, na hakuna aliyesogea kumshika. Mkewe alisimama na mikono ndani ya unga. Kitinda alikuwa ameivaa aproni aone kama pindo limekaa sawa. Aliteremsha viganja mapajani, mahali ambapo aproni nyingine huwa na mfuko, akaviacha hapo.

"Nilikuuliza Jumatano, baba," alisema. "Ule mlango siku hizi unafungwa saa ngapi?"

Baba Kitinda alitazama mkate. Ngumi iliendelea kupiga, nzito mwanzoni, baadaye nyepesi, baadaye kwa kucha tu. Alisubiri dakika zote kumi na moja, wima, bila kuegemea kitu. Mkono ulipotulia alizivua glavu, akazilaza kando ya trei, moja juu ya mwenziwe.

"Saa mbili na robo asubuhi," akasema. "Kesho pia."