Pekupeku Hadi Nairobi

Vimla alisema uongo mmoja tu wa maana katika miaka minne ya ndoa yake, na kwa kukosa bahati akausema kwa jina la Mataji, mungu mama wa ukoo wao. Aliusema jikoni, amechuchumaa anakanda unga wa chapati, mbele ya mama mkwe wake Dhanlaxmi, ambaye nyumba nzima ilimwita Ba, yaani mama. Alisema ameweka nadhiri ya kwenda kwa miguu, pekupeku, kutoka Thika hadi hekalu la Nairobi, ili ajaliwe mtoto.

Ba aliacha kuchambua dengu. "Uliiweka lini?"

"Wakati wa ngoma za sikukuu ya Navratri, Ba. Usiku wa mwisho."

"Ashok anajua?"

"Nadhiri ya mwanamke, Ba, mume ataijulia wapi?"

Jibu hilo lilimpendeza Ba, akarudi kwenye dengu zake. Vimla naye akaendelea kukanda, masikio yanawaka moto. Ilikuwa rahisi mno, na mambo yanayokuwa rahisi mno katika nyumba ya wakwe ni ya kuogopwa. Lakini Vimla alikuwa na miaka ishirini na minne na hakujua hilo bado.

Nadhiri haikuwepo. Kilichokuwepo ni Manjula, mwalimu wa shule ya wasichana, ambaye alikuwa amepita miaka thelathini bila mume na hakuonekana kuumwa popote. Manjula alikuwa amewakusanya wanawake wa chama chao cha hekaluni akawapa shauri lisilo na kichwa wala miguu: likizo ya Krismasi, maduka yakifungwa, watembee hadi Nairobi. Siku ya kwanza mpaka Ruiru, walale kwa binamu yake mwenye duka karibu na stesheni. Siku ya pili mpaka mjini. Wakaulizana, kwa nini? Manjula akasema kwa raha tu. Huko Bombay watu hupanda milima siku za likizo, hakuna anayewafukuza wala kuwalipa.

Basi, kamwombe mama mkwe ruhusa ya kwenda kustarehesha miguu, uone. Wengine walisema wanakwenda kuhiji, na hilo lilitosha katika nyumba zao. Nyumba ya Vimla ilikuwa nyingine. Chini lilikuwa duka la vitambaa la baba mkwe wake Ramniklal, juu vyumba vitano, nyuma ua wenye ukuta na lango la mabati. Vimla alitoka kwa gari kwenda hekaluni, kwa gari kwenda harusini, na mara mbili kwa mwaka kwa gari kwenda sinema, Ba upande huu na shangazi upande ule. Serikali ya kikoloni ilipotangaza hali ya hatari, wanaume walianza kulifunga lango kwa kufuli jua likiwa bado juu. Sasa ulikuwa mwaka wa hamsini na sita, hali ilikuwa inalegea, lakini kufuli halikulegea. Wanaume walikuwa wamelizoea, na lango lililozoeleka kufungwa huwa kama limezaliwa hivyo.

Alijua kuna watu waliofungiwa vijiji vizima kwa mitaro na miba, wasioweza kwenda kisimani bila askari. Alikuwa amewaona kupitia kioo cha gari. Alipowakumbuka aliona haya kujihurumia, lakini haya haijafungua lango la mtu. Alitaka kutembea barabarani kwa miguu yake, mbele kuwe wazi, nyuma kuwe wazi. Hicho tu, na kwa hicho alimsingizia mungu.

Ruhusa ikatoka, na masharti yakaja nayo. Ramniklal alisema nadhiri ni nadhiri, hawezi kuizuia, ila Ba lazima aandamane na mkwe wake katika mazoezi yote. Alisema hayo akiangalia ukuta, maana Vimla alikuwa amejifunika uso kwa ncha ya sari, kama mkazamwana, mke wa mwana, anavyopaswa mbele ya baba mkwe, na katika miaka minne walikuwa hawajawahi kusemezana moja kwa moja.

Mazoezi yalifanywa Jumapili asubuhi katika kiwanja cha mbao cha Amrik Singh, kwa sababu waume hawakutaka wake zao waonekane barabarani kabla ya siku yenyewe. Kwa hiyo wanawake wanane wa makamo na vijana, wamevaa sari na raba nyeupe, walijizoeza safari ndefu kwa kuzunguka rundo la magogo ndani ya ukuta. Walizunguka mpaka wakajua kila gogo. Vumbi la mbao liliwaingia puani, wakapiga chafya kwa zamu. Vimla alihesabiwa kuwa na bahati kwa kuwa na nadhiri, akatembea mbele, akicheka na Manjula. Ba alikaa kwenye gogo akila njugu na kuwatazama.

Nzomo, askari wa duka lao, ndiye aliyekuwa amepangiwa kutangulia na rungu siku ya safari. Alisimama langoni akitikisa kichwa.

"Nzomo, unacheka nini?" Ba alimuuliza.

"Mimi sicheki, mama. Mimi nashangaa tu. Kwetu Machakos watu natembea juu ya kukosa gari. Nyinyi iko na gari mbili hapo nyumbani, sasa natafuta nini na miguu?"

Ba alimenya njugu nyingine. Lakini Jumapili iliyofuata aliinuka kwenye gogo lake akasema magoti yamekufa ganzi, atazunguka kidogo. Akazunguka kidogo. Jumapili iliyofuata akazunguka zaidi, na Jumapili ya nne akamtuma Ashok amnunulie raba.

Novemba ilipokaribia kwisha Manjula alipigania zoezi moja la kweli, mpaka Ruiru, warudi kwa treni ya alasiri. Waume walinung'unika, wakakubali. Wanawake walitoka alfajiri, Nzomo mbele na rungu lake, na mji ukaisha nyuma yao mapema kuliko walivyodhani. Kulikuwa na mashamba ya mkonge, halafu kahawa, safu baada ya safu, imetoka kunyeshewa, na barabara ikienda tu mbele bila kona ya kuwarudisha. Wachumaji wa kahawa walisimama kuwatazama. Vimla aliachia sari ikamteleza kichwani, upepo ukamshika shingoni, na akajikuta analia bila huzuni yoyote. Alitembea mbele ya wote, mbele hata ya Nzomo, mpaka akaitwa arudi. Katika maisha yake yote hakuwahi kuitwa kutoka mbali vile. Alipogeuka alimwona Ba kule nyuma, sari ameikunja mpaka juu ya vifundo, uso mwekundu kwa jua, anaimba.

Walifika Ruiru mchana. Mke wa yule binamu aliwapa chai ya tangawizi na viazi vya kukaanga uani. Vimla alinusa mafuta, akainuka, akafika kwenye mfereji na kutapika yote.

Ba ndiye aliyemshika kichwa. Alimfuta mdomo, akamtazama macho, akamuuliza swali moja sikioni, Vimla akajibu, na Ba akafumba macho akataja jina la Mataji mara nyingi. Wanawake wengine walielewa kabla hawajaambiwa. Wakamkumbatia, wakampiga mabusu, mmoja akalia. Mataji amesikia hata kabla ya kupigwa hatua ya kwanza! Manjula peke yake hakushangilia. Alimshika Vimla mkono, akauminya, na Vimla akajua kwamba ameshafungiwa mlango.

Kwenye treni alilazwa kwenye benchi kama mgonjwa. Hakuiona tena ile barabara.

Usimwelewe vibaya. Mtoto alimtaka. Usiku ule Ashok alipomwekea mkono tumboni, alimpenda, maana Ashok alikuwa mume mwema na kosa lake kubwa lilikuwa kwamba wema wake ulitosheka na kila kitu. Alimnunulia kiti cha kuegemea akakiweka dirishani, ili aone barabara akipenda. Kuanzia hapo Vimla hakuruhusiwa ngazi zaidi ya mara moja kwa siku. Hakuruhusiwa kushika kisu siku ya kupatwa kwa mwezi, wala kupita ua jioni, wala kwenda kiwanjani hata kutazama. Kila katazo lilikuja na bakuli la maziwa ya moto. Mtu aliyefungwa na adui anaweza kutukana, lakini ukifungwa na watu wanaokupenda unaambiwa unywe maziwa, nawe unakunywa.

Safari ilipobakiza siku chache, Ba alitangaza wakati wa chakula cha jioni kwamba nadhiri lazima ilipwe. Mataji ametangulia kutoa, nyumba itamwonaje ikikaa kimya? Desturi inaruhusu mtu wa nyumba hiyo hiyo kuibeba nadhiri ya mwenzake. Atakwenda yeye.

"Wewe?" Ramniklal aliuliza, mkate mkononi. "Na hayo magoti?"

"Magoti ni yangu. Nadhiri ni ya nyumba."

Vimla aliacha kugawa mchuzi. Yule mama wa miaka hamsini na kitu atakwenda Nairobi pekupeku kwa lami na kokoto, kwa nadhiri ambayo haikuwahi kuwekwa. Usiku hakulala. Asubuhi alimfuata Ba jikoni, akakaa chini mbele yake, akaushika mkono wake uliokuwa ndani ya sinia la mchele.

"Ba, usiende. Sikuweka nadhiri yoyote. Nilikudanganya. Nilitaka tu kutembea."

Ba aliendelea kutoa mawe kwenye mchele kwa mkono wa pili.

"Najua," alisema.

"Unajua?"

"Mtu mwenye nadhiri ya mtoto hazunguki magogo anacheka. Nimeziona nadhiri, Vimla. Mimi mwenyewe nimeweka. Nilijua tangu siku ya kwanza kiwanjani."

"Mbona hukusema?"

Ba alitupa kijiwe dirishani. "Nilipoolewa hapa, wanawake walipanga kwenda kuona maporomoko ya Fourteen Falls kwa lori la mjomba. Nilifungasha chakula, nikatoa sari nzuri. Asubuhi nikatapika. Alikuwa Ashok. Wakaniambia mwaka ujao. Mwaka ujao kulikuwa na Ashok mgongoni, kisha dada zake, kisha wazee wa kuuguza. Maporomoko hayo sijayaona mpaka leo, na yako hapo tu." Akausukuma mkono wa Vimla kwa upole kutoka kwenye sinia. "Uongo wako ni mzuri. Baba yenu hawezi kuupinga. Mimi nisingeweza kuubuni."

"Na mimi, Ba? Mimi nitakwenda lini?"

Ba alifikiri kwa haki, kama anayepima nguo. "Ukipata mkazamwana mwongo," alisema.

Siku yenyewe wanawake walikusanyika uani kukiwa na ubaridi, taa ya kandili imewekwa chini. Nzomo alikuwa ameshafungua kufuli. Ba alitoka bila viatu, miguu imeoshwa, na vidole vyake vipana vilionekana vitupu mno juu ya saruji. Hapo Ramniklal akapata wasiwasi wake wa mwisho. Alikuwa hajawahi kuamka asubuhi moja bila mke wake, na nadhani hilo ndilo lililomsumbua, lakini alilisema kwa lugha ya dini.

"Miguu ya mama yenu haitarudi mizima. Kabla sijaruhusu nataka kusikia kwa mwenyewe." Kisha akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alimgeukia Vimla aliyekuwa amesimama ngazini na uso umefunikwa. "Mwanangu, nadhiri hii uliiweka kweli?"

Kupitia kitambaa cha sari Vimla aliona kandili, na umbo la Ba limesimama karibu na lango lililo wazi, halijitetei, halimwombi. Neno moja tu lingetosha. Hapana, baba. Lango lingefungwa, wangebaki wote wawili jikoni na mchele wao, na Vimla asingekuwa mpweke. Alilitaka neno hilo. Wivu ulimpanda, akaona haya, lakini haya hiyo haikuushusha. Alifikiria ile barabara ya Ruiru na kahawa pande zote, na Ba anaimba, na alimchukia kwa kuwa atakwenda, na alimchukia kwa kuwa alikuwa hajawahi kwenda.

Akainamisha kichwa mara moja, chini sana, ili kila mtu aone kwamba ni ndiyo.

Ramniklal alipumua, akasogea kando.

Vimla alishuka ngazi, hiyo ikawa ruhusa yake ya siku ile, akainama kugusa miguu ya Ba, kama mdogo anavyomuaga mkubwa anayesafiri. Desturi ni kugusa tu na kuinuka. Yeye aliishika, mmoja kwa kila mkono, baridi na migumu. Aliishika mpaka Manjula akakohoa, mpaka Ba mwenyewe akaweka kiganja juu ya kichwa chake na kusema polepole, "Niachie, mwanangu." Akaiachia.

Wakatoka. Nzomo, aliyekuwa anatangulia, alifunga lango kwa nje kwa mazoea, akaondoka na ufunguo mfukoni. Ramniklal alisimama kidogo akisikiliza sauti zao zikienda, kisha akauambia ukuta kwamba angependa chai.