Somo la Mfano la Padre Kornelio

Saa mbili kasorobo asubuhi, Jumanne ya tatu ya muhula wa pili, Mwalimu Mkuu Cleophas alikuwa ofisini akimenya yai la kuchemsha juu ya rejista ya walimu, jambo ambalo yeye mwenyewe alikuwa amewakataza walimu wake kwa maandishi, mara mbili. Mlango ulibishwa. Mzungu mrefu akaingia, kanzu yake nyeupe imeungua begani. Aliegemeza baiskeli ukutani, akavua kofia, akaomba kitabu cha wageni.

Shule ya Msingi ya Shivembe, nje kidogo ya Khayega, haina maji ya mfereji wala ua. Kitabu cha wageni inacho, na hakuna mgeni anayeketi kabla ya kutia sahihi. Cleophas akampa kalamu. Kalamu ikapita katikati ya vidole vya mgeni, ikaanguka sakafuni. Akampa nyingine, nayo ikaanguka.

"Usijisumbue, Mwalimu," mgeni alisema. "Mimi hushika vitu vya enzi zangu tu."

Akatoa penseli yake mfukoni, akaandika. Jina: Padre Kornelio. Anakotoka: makaburi ya mapadre, Mukumu. Sababu ya ziara: ukaguzi. Nafasi ya nambari ya simu akaiacha wazi, na Cleophas, ambaye hapendi nafasi wazi, akaichorea kistari.

Jina hilo lilijulikana. Padre Kornelio ndiye aliyeanzisha mafunzo ya ualimu upande huu, zamani zile ambapo mwalimu alikuwa mtu yeyote aliyejua kusoma na kushika fimbo. Alikusanya vijana arobaini, akawaweka miaka miwili kwenye banda la nyasi, akawafundisha jambo moja kuliko yote: ukiuliza swali darasani, usilijibu mwenyewe. Hesabu kimoyomoyo mpaka saba. Mtoto yuko njiani anakuja na jibu, mpe nafasi afike.

Kilichokuwa kimebaki ni somo la mfano tu. Hilo ni somo la mwisho, ambapo mwalimu hodari hufundisha watoto na wanaosomea ualimu hukaa nyuma wakitazama, ndipo wapewe vyeti. Siku moja kabla yake, mwaka wa 1941, Padre alikuwa kwenye mteremko wa Khayega juu ya baiskeli, radi ikampiga. Radi ya Kakamega haijawahi kumuuliza mtu ratiba yake.

Wale arobaini wakatawanywa shuleni bila vyeti. Waliitwa walimu wa muda. Wengine walikuwa wa muda kwa miaka thelathini, wengine arobaini. Walistaafu wakiwa wa muda, wakapewa saa ya ukutani, wakazikwa wakiwa wa muda. Wa mwisho wao, Mwalimu Osiako, alifariki Aprili mwaka huu akiwa na miaka mia moja na miwili.

"Sasa darasa limetimia," Padre alisema akiketi. "Nilikuwa namngoja huyo Osiako. Alikuwa mchelewaji tangu ujana. Natafuta mwalimu wa kunifundishia somo la mfano. Nimezunguka shule kumi na moja. Kote huko wanauliza maswali na kujijibu wenyewe."

Cleophas alimeza yai lililobaki, akajitaja. Padre akaenda kuketi darasani mwake. Cleophas aliuliza mji mkuu wa Uganda ni upi, na kabla watoto hawajavuta pumzi akasema ni Kampala. Padre akamshukuru, akahamia darasa la jirani.

Hilo lilikuwa Gredi ya Nne, watoto tisini na watatu, dirisha moja, na Madam Beldina. Alikuwa akifundisha sehemu. Akauliza kama chapati moja ikigawiwa watu wanne, watu watatu wakala na mmoja akakataa, kimebaki nini. Kisha akanyamaza. Akatazama mti wa parachichi nje kana kwamba ana siku nzima. Hesabu ilipofika saba, msichana anayeitwa Mitchel akasema kutoka nyuma kabisa, "Robo, Madam. Lakini chapati hakuna mtu anakataanga."

Padre akafunga daftari. "Huyu," alisema.

Cleophas akamvuta barazani.

"Padre, huyo Madam ni mzuri, sikatai. Ila si mwalimu kamili. Ni wa bodi."

"Wa bodi ni nini?"

"Ualimu amesomea. Cheti anacho. Amefundisha hapa miaka ishirini. Lakini ofisi ya elimu haijamwajiri, kwa hivyo bodi ya shule inamshikilia tu."

"Kumbe ni wa muda."

"Siku hizi tunasema wa bodi."

"Mmebadilisha jina," Padre alisema, akaliandika.

Jambo ambalo Cleophas hakulisema, na ambalo shule nzima ililijua, ni kwamba ofisi haiajiri mtu aliyetimiza miaka arobaini na mitano. Beldina alikuwa anaitimiza Ijumaa ya wiki ileile. Somo la mfano lilipangwa Alhamisi. Na Alhamisi hiyohiyo Bwana Sydney, afisa wa elimu, alikuwa anakuja na fomu, kwa sababu eneo lilikuwa limepata nafasi arobaini za walimu, nyingi kuliko zilizowahi kuletwa tangu barabara ya lami ifike.

"Arobaini," Phoebe mpishi wa shule alimwambia Beldina, akikoroga githeri kwa mwiko mrefu kama jembe. "Hata wakiwa vipofu, mkono utakugusa. Sasa Madam, ukishaajiriwa usijifanye hukumbuki sufuria hii."

"Nitakuja na sahani yangu."

"Sahani ya udongo? Ama ile ya kioo?"

"Ya kioo, na uma."

"Ona huyu! Bado hajapata, na tayari ana uma."

Beldina alicheka. Aliandika andalio la somo mara tatu, akalifuta, akaliandika tena. Kufikia Jumatano habari zilikuwa zimefika hadi Malinya. Waendesha bodaboda waliziosha pikipiki bila kuambiwa. Wapigaji wa isukuti walikausha ngozi za ngoma zao juani, wakizikimbiza ndani kila wingu lilipochungulia. Watu wa Malinya walituma ujumbe kwamba wanaleta fahali, kwani wazee arobaini hawawezi kupita barabarani bila fahali mbele yao, watu wangesema nini?

Alhamisi saa tatu wakaja. Walitoka makaburini katika vijiji vyao, wakaungana njia panda, wakashika mstari mmoja. Walikuwa na kaptura za kaki, miguu mitupu, nao walikuwa na umri waliokuwa nao mwaka wa 1941, miaka kumi na minane, kumi na tisa, ishirini. Familia zilijipanga kando ya barabara. Ngoma zililia, fahali akatikisa pembe zilizofungwa majani, wanawake wakapiga vigelegele. Bibi mmoja wa miaka themanini na minne alimwona babaye akipita, akamwambia achomekee shati. Akachomekea.

Osiako alifika wa mwisho, anahema. Alikuwa jirani ya kina Beldina, na ndiye aliyemfundisha mama yake kusoma.

"Babu," Beldina alimsalimu huyo kijana, "mgongo je?"

"Umenyooka, mama. Huko hakuna kitu kingine kizuri, lakini mgongo umenyooka."

Waliketi kwenye mabenchi nyuma ya watoto. Padre akaita majina, wote wakaitika. Bwana Sydney alikuwa pembeni na mkoba wa fomu magotini, na Cleophas kando yake akinong'ona kwamba huyu Madam ni matunda ya shule yake.

Beldina akaingia na muwa mmoja mrefu na panga. Aliukata nusu, pwa, watoto wakameza mate. Akakata nusu ya nusu. Akakata tena. Kila mtoto alitaka kukatiwa, kila mtoto alikuwa amesimama nusu juu ya dawati, na yeye akaenda nao hivyohivyo, akiwauliza, akiwarudisha, akiwachokoza, mpaka darasa zima likawa linakimbia mbele yake kama ndama waliofunguliwa. Kisha akainua kipande kidogo kuliko vyote.

"Hiki ni nini cha muwa mzima?"

Akanyamaza. Moja. Mbili. Huko nje ngoma zilikuwa zimenyamaza pia. Tatu. Nne. Bwana Sydney alifungua mdomo ili asaidie, Padre akamwinulia kidole. Tano. Sita. Matone ya kwanza ya mvua yakagonga bati.

"Thumuni, Madam," akasema Elvis, ambaye hakuwa amesema neno darasani tangu Februari. "Na hiyo thumuni ni yangu."

Wale arobaini wakainuka kwenye mabenchi kiasi cha shubiri moja, miguu ikining'inia hewani, wakapiga makofi. Makofi yao hayakuwa na sauti, lakini vumbi la chaki la miaka yote lilitoka kwenye kuta likazunguka darasani jeupe, watoto wakapiga chafya wakicheka. Baadaye vipande vya muwa vilivyokuwa karibu na mabenchi vilionekana havina utamu hata kidogo. Watoto waliopewa hivyo walilalamika, wakabadilishiwa.

Padre akafungua mfuko wake wa ngozi. Vyeti vilikuwa humo, vimechapwa 1941, vimeungua pembeni. Akatia sahihi kimoja baada ya kingine. Osiako alipopata chake alikishika kwa mikono miwili, akakisoma mbele, akakigeuza akasoma nyuma, ambako hakukuwa na kitu.

Bwana Sydney akasimama. Yeye ni mtu wa utaratibu, na hilo si tusi.

"Kila mwenye cheti ambaye hajaajiriwa aandikiwe fomu," alisema. "Ndivyo mwongozo unavyosema."

Kwa kuwa wale arobaini hawakuweza kushika kalamu za siku hizi, Beldina akaketi mbele yao, akawaandikia. Mwandiko wake unajulikana Khayega nzima. Hata barua za posa watu huja kumwomba. Aliandika fomu arobaini, bila kufuta hata mara moja, mvua ikinguruma juu ya bati na foleni ikisogea.

"Kazi unayoomba, Babu?"

"Mwalimu," Osiako alisema. "Andika wazi. Si wa muda."

"Umri?"

Osiako akatazama magoti yake. "Kumi na minane, naona."

Bwana Sydney akamtazama usoni, akakubali, akagonga muhuri. Fomu ya Beldina mwenyewe ilikuwa ya arobaini na moja. Padre alimpa alama kwenye daftari lake kwa penseli, alama ambayo alisema hakuwahi kumpa mtu, akatia sahihi ya kuondoka kwenye kitabu cha wageni, akapanda baiskeli. Phoebe alimshika Beldina kiunoni wakacheza isukuti matopeni mpaka viatu vikabaki humo.

Orodha ya walioajiriwa ilibandikwa kesho yake Ijumaa, saa nne asubuhi. Ofisi ilifanya haraka, na hilo ndilo jambo pekee lililowashangaza watu wiki hiyo. Majina yalikuwa arobaini. Kanuni husema aliyengoja muda mrefu zaidi tangu apate cheti ndiye hutangulia, na hakuna kanuni ya haki kuliko hiyo. Vyeti vya 1941 vilitangulia cha Beldina, cha 2005.

Beldina alichukua bodaboda hadi mjini. Bwana Sydney alimpa kiti na chai.

"Bwana Sydney, hawa watu wamekufa."

"Najua, Madam. Nilikuwa kwenye matanga ya wawili wao. Lakini fomu haina mahali inapouliza hivyo."

"Na mimi?"

Kisha akanyamaza. Alihesabu mpaka saba. Bwana Sydney alinyoosha karatasi zilizokuwa zimenyooka. Beldina akaendelea kuhesabu, polepole, mpaka arobaini na tano. Akamaliza chai, akasema asante, akaondoka.

Padre Kornelio aliposikia alikuja mjini mwenyewe. Alitia sahihi kitabu cha wageni cha ofisi ile, sababu ya ziara: malalamiko. Aliambiwa akae kwenye benchi, ataitwa. Bado yuko pale. Wafagiaji humwomba ainue miguu, naye huinua.

Jumatatu Osiako aliripoti Shivembe, barua yake ikiwa imetangulia, saa mbili na dakika kumi. Cleophas akampa Gredi ya Nne. Osiako akasimama mbele ya watoto tisini na watatu, akachukua chaki, chaki ikapita katikati ya vidole ikavunjika sakafuni. Akajaribu tena. Sakafu ikawa nyeupe.

Beldina alikuwa mlangoni. Hakuna aliyekuwa amemwambia asije. Aliingia, akaokota kipande kimoja, akaandika tarehe. Osiako akaenda nyuma, akaketi kwenye benchi alilolizoea. Kwenye rejista Cleophas aliandika: mwalimu wa darasa, Osiako, msaidizi, Beldina, wa muda. Phoebe alipoona alisema basi uma utangoja, akampakulia githeri ya juu, yenye maharagwe mengi.

Wiki ile walikuwa wamefika kwenye desimali. Beldina akaandika swali ubaoni, akawageukia, akanyamaza. Moja. Mbili. Tatu. Mkono wa kwanza kuinuka ulikuwa wa Osiako.

"Ngoja kwanza, Mwalimu," Beldina alimwambia. "Wacha watoto wajaribu."

Osiako akangoja, mkono wake ukiwa bado juu.