Ugonjwa Wanaoujua

Kibao cha ruhusa ya kwenda choo kilikuwa kimoja kwa watu arobaini. Kipande cha mbao chenye tundu, kinaning'inia kwenye msumari mlangoni mwa banda namba sita la maua ya waridi, huko chini ya Tengeru. Ukikikuta, unakwenda. Usipokikuta, unabana, unakata maua, unamwomba Mungu. Saa nne asubuhi Tabea alikuwa ameshakichukua mara tatu. Sasa msumari ulikuwa mtupu, na nailoni juu ya vichwa vyao ilishaanza kuunguza.

"Tabea," alisema Elieshi, msimamizi, bila kuinua macho kwenye daftari lake, "wewe na choo mnafunga ndoa lini? Tuanze kuchanga."

Wanawake wakacheka. Tabea naye akacheka, maana kibarua asiyecheka utani wa msimamizi huambiwa ana kiburi. Kisha mkojo ukamshinda, ukateremka taratibu ndani ya buti la mpira. Akaendelea kukata, shina kwa shina, mguu mmoja mzito kuliko mwenzake.

Zahanati ya shamba ilikuwa chumba kimoja nyuma ya stoo ya mbolea. Mhudumu wake, Lemburis, wote walimwita dokta, naye hakuwahi kuwakatalia. Huanza kuandika kabla mgonjwa hajakaa.

"Unakojoa sana?"

"Sana, dokta. Na kiu. Ndoo nzima naimaliza."

"UTI."

"Ni mara ya nne unaniandikia UTI."

"Wanawake wote wa humu mna UTI, mama. Mnabana mkojo kutwa, mlitegemea nini?"

Wala hakusema uongo. Wote walikuwa nayo. Ugonjwa ule wa kibao ulikuwa umejaa kwenye daftari lake ukurasa hadi ukurasa, na ugonjwa mwingine wowote ungekosa mstari wa kukaa.

Aliyeugundua ugonjwa wake ni mama yake, Bibi Fransiska, ambaye darasa aliloliona ni la kipaimara tu. Asubuhi moja alikuta sisimizi wamejipanga nyuma ya migomba, pale Tabea alipokojoa.

"Sisimizi hawafuati UTI, mwanangu. Hii ni sukari."

Lemburis aliposikia hayo alicheka mpaka akavua miwani. "Sukari ni ya wenye vitambi. Wewe ukisimama kando ya waya wa uzio, tunaona waya." Lakini Tabea hakuondoka kwenye kiti. Mwishowe Lemburis akaenda kuazima kipimo ofisini, ambako kilifungiwa kabatini kwa ajili ya mameneja. Akamtoboa kidole. Kucheka kukaisha.

"Sawa. Ni sukari ya watu wazima. Meza hivi vidonge. Na uache sukari, uache ndizi, uache ugali."

Tabea akaacha. Alikuwa mtu wa kutii, na aliogopa kufa. Miezi mitano alikula mchicha na maji. Bibi Fransiska alipika loshoro, ndizi na maziwa ya mgando kama alivyomlea nayo, akaiweka mbele yake, akaiondoa ikiwa haijaguswa. Vidonge vilimezwa kwa saa. Mwili ukazidi kwisha. "Unakula kwa siri," Lemburis alimwambia. "Wagonjwa wa sukari ni waongo sana."

Akaanguka banda namba sita, akihema kama aliyekimbizwa. Wakamsukuma mpaka getini kwenye toroli la maua.

Hospitali ya mjini alizinduka siku ya tatu. Daktari, binti mdogo wa kuweza kuwa mwanawe, alivuta kiti.

"Shikamoo, mama. Hivi vidonge si vya ugonjwa wako. Mwili wako umeacha kutengeneza insulini. Tumezoea kuuona kwa watoto, lakini hata mtu mzima unampata, na mara nyingi mwembamba kama wewe. Ulitakiwa kuchomwa sindano tangu mwanzo."

Tabea akamgeukia.

"Kwa hiyo zile ndizi ningekula?"

"Ungekula, mama. Pamoja na sindano, ungekula."

Hakulia kwa ajili ya sindano. Alilia kwa ajili ya mama yake na sufuria.

Akatoka na karatasi yenye jina sahihi la ugonjwa wake, na vichupa vitatu vya insulini ambavyo lazima vikae kwenye baridi. Kwake hakuna umeme. Kazini kulikuwa na chumba cha baridi kikubwa kuliko kanisa la mtaa wao. Akamfuata Elieshi mlangoni pa chumba hicho.

"Dada Elieshi, niwekee hivi pembeni tu. Vinaenea hata kwenye kiganja."

Elieshi aliisoma karatasi mara mbili. Leo hakuwa na utani.

"Humu ndani ni mali ya wateja. Wakikuta dawa, mimi ndiye wa kwanza kufukuzwa." Akaikunja karatasi ndogo, ndogo zaidi, akamrudishia. "Na hii usimwonyeshe mtu. Mikataba inaandikwa upya Ijumaa, na mgonjwa wa sindano hawamwandiki. Wakikuuliza ulilazwa na nini, sema UTI. UTI wanaijua."

Tabea akavibana vichupa tumboni, ndani ya ovaroli, kwenye jasho. Mlango mkubwa ukafunguliwa. Ukungu wa baridi ukamgusa magoti, na ndoo za waridi zikapitishwa mbele yake moja moja, kwa uangalifu, kila ua limevikwa karatasi yake.

"Tabea," Elieshi alisema taratibu, "pisha. Maua yanapata joto."